Mlio wa Bomba la Moshi: Sikilizeni Kwanza, Nunueni Baadaye

(Haya ni maneno tuliyowaambia wanachama huko Kitale, na tena Bungoma. Wengi waliomba yaandikwe ili wale wasiokuwapo nao wayasome. Tumeyachapa hapa pamoja na baadhi ya maswali yaliyoulizwa.)



Tumeombwa kusema juu ya jambo ambalo halimo katika madai ya mishahara wala ya saa za kazi, lakini linagusa mfuko wa mfanya kazi vilevile. Jambo lenyewe ni mlio wa motokaa.

Wako kati yetu walioweka akiba kwa miaka mingi wakanunua motokaa kuukuu, mtu peke yake au watu watatu wanne kwa pamoja. Si kwa fahari. Motokaa hiyo hubeba mahindi kutoka shamba, hupeleka mgonjwa hospitali usiku, na siku ya msiba hubeba jamaa. Halafu siku moja inaanza kupiga nyuma: pu! pu! pa! Watoto wanakimbia, kuku wanatawanyika, na mwenyewe anatia mkono mfukoni.

Kutia mkono mfukoni upesi ndiyo hasara tunayotaka kuizuia. Mtu anaambiwa, "Ni kabureta," ananunua kabureta. Mlio haukuisha. Anaambiwa, "Basi ni koili," ananunua koili. Mlio upo. Mshahara wa mwezi umekwisha, na motokaa bado inalia kama bunduki.

Sisi si watu wa gereji. Sisi ni watu wa reli. Lakini kazi ya reli humfundisha mtu kusikiliza. Tangu zamani palikuwa na mtu wa kugonga magurudumu ya mabehewa kwa nyundo yenye mpini mrefu. Gurudumu zima lililia kama kengele; lenye ufa lilitoa sauti iliyokufa. Hakuhitaji kulivunja gurudumu ili ajue lina ugonjwa. Tena twavijua vile visahani vya baruti vinavyobanwa juu ya reli kumwonya dereva wa treni. Vikilipuka chini ya magurudumu, dereva hasemi, "Kelele tu hizo." Anasimama atazame.

Basi tunataka mwende nyumbani na neno moja tu: mlio ni shahidi. Sisi wa chama hatukubali mtu aachishwe kazi kabla shauri lake halijasikilizwa. Na ninyi msiiachishe kazi kabureta kabla shauri lake halijasikilizwa.

MLIO UNATOKA WAPI

Kila silinda ya injini ina kazi nne, nayo huzifanya kwa zamu. Huvuta hewa iliyochanganyika na petroli, huikandamiza, cheche ya plagi huiwasha na kusukuma pistoni, kisha moshi hutolewa nje kwa mlango wake, yaani valvu ya moshi. Kwa uzani, petroli kilo moja yahitaji hewa kama kilo 15 ili iungue vizuri.

Mambo yakienda sawa, moto huwaka na kwisha ndani ya silinda. Ule mlio wa pu ni moto uliowaka mahali pasipo pake, ndani ya bomba la moshi, ambalo mafundi huliita ekzosi. Ili moto uwake huko lazima pawe na vitu vitatu: petroli ambayo haikuungua, hewa, na joto. Joto halikosi, maana bomba ni la moto siku zote. Basi yabaki maswali mawili. Petroli hii ilipitaje bila kuungua? Na hewa imeingia wapi?

Hewa huweza kupita kwenye silinda ileile iliyokosa kuwaka. Au huingia kwa ufa wa bomba. Hapa watu wengi hukataa, wakisema, "Moshi unatoka kwa nguvu, hewa itaingiaje?" Lakini moshi hautoki kama maji ya mfereji. Hutoka kwa misukumo, na baada ya kila msukumo huja mvuto mdogo wa kurudi nyuma. Palipo na ufa, hewa ya nje hunyonywa ndani.

MASWALI YA KUMWULIZA SHAHIDI

Kabla ya kushika spana, ulizeni: Unalia lini? Unalia namna gani? Unalia wapi, mbele au nyuma? Andikeni majibu katika daftari, maana mtu akifika gerejini husahau nusu ya aliyoyasikia njiani.

Ninyi wa Kitale na Bungoma mna bahati, kwa sababu barabara yenu yenyewe ni chombo cha kupimia. Kitale iko juu ya bahari kama mita 1,900, na Bungoma kama mita 1,400. Mtu akitoka Kitale kupitia Kiminini, Kamukuywa na Webuye mpaka Bungoma, kwa jumla anateremka. Akirudi anapanda. Safari moja ya kwenda na kurudi itawaambia mengi kuliko siku nzima ya kubahatisha.

1. INALIA INAPOTEREMKA. Dereva akiachia mafuta kwenye mteremko, gia zikiwa zimeshika, magurudumu ndiyo yanayoizungusha injini. Kabureta karibu imefungwa. Hewa kidogo na petroli kidogo hupita, haziungui sawasawa, na petroli hutoka mbichi. Ikikuta hewa iliyonyonywa kwa ufa wa bomba, hulipuka. Kwa motokaa za kabureta, mlio mdogo wa mara moja moja kwenye mteremko si ajabu. Lakini mlio ulioanza juzi, au unaozidi kila wiki, wataka kutazamwa. Anzeni na bomba la moshi, msianze na kabureta. Tazameni pale bomba linapoungana na injini, gasketi yake, nati zake, na kila mahali palipochomelewa.

2. INALIA INAPOPANDA NA MZIGO. Hapo mgandamizo ndani ya silinda ni mkubwa, na cheche hupata shida kuruka. Cheche dhaifu inayotosha kwenye tambarare hushindwa mlimani. Tazameni plagi, waya zake, kifuniko cha distributa kama kina ufa au unyevu, na zile pointi mbili zinazogusana na kuachana ndani yake. Pointi zikiwa zimeungua na kuwa za buluu, kondensa yashukiwa. Kondensa na koili zina tabia ya kufanya kazi zikiwa baridi na kugoma zikipata joto; kwa hiyo motokaa inayotoka Bungoma vizuri na kuanza kulia baada ya Webuye inawapa habari.

3. INAKOHOA MBELE, KWENYE KABURETA. Huu ni ugonjwa mwingine, msiuchanganye na wa nyuma. Mara nyingi maana yake ni njaa: petroli haifiki ya kutosha. Chujio limeziba, pampu imechoka, au hewa inaingia kwa wizi chini ya kabureta. Hata cheche isiyokuja kwa wakati wake, au valvu ya kuingizia isiyofunga, huweza kuleta kikohozi hicho.

4. INALIA IMESIMAMA. Sikilizeni kama mlio una mpigo. Injini ya silinda nne ikizunguka mara 800 kwa dakika, kila silinda huwaka mara 400, yaani karibu mara saba kwa sekunde. Mpigo wa haraka usiobadilika huonyesha silinda moja iliyokufa kabisa. Mlio wa ovyo, mara huku mara kule, huelekea kuwa wa umeme au wa petroli, unaogusa silinda zote.

5. INASEMA CHU-CHU-CHU, SI PU. Huo si mlipuko. Ni moshi unaopenya kwenye gasketi. Huzidi asubuhi injini ikiwa baridi, halafu hupungua chuma kikipata joto na kutanuka. Wengi husema, "Imepona." Haikupona. Imejificha.

SHAURI LA PIKAPU MOJA

Tuwape mfano. Wenzetu watatu walikuwa na pikapu moja, nayo ililia vibaya. Katika gereji moja walibadilishiwa kabureta kwa nyingine iliyokwisha tumika. Haikusaidia. Wakabadilishiwa koili, kisha plagi zote nne. Pikapu ikaendelea kupiga. Mmoja wao akataka iuzwe kwa wanunuzi wa vyuma vikuukuu.

Tuliwauliza swali lile la kwanza: "Inalia lini?" Wakatazamana. Hakuna aliyekuwa amewauliza hivyo. Baada ya kufikiri, mmoja akasema, "Inapoteremka tu." Mwingine akasema, "Nayo ilianza baada ya bomba kufunguliwa na kuchomelewa." Shahidi alikuwa amekwisha sema. Tulipotazama chini, pale bomba linapoungana na injini, tuliona masizi meusi yamesambaa kama moshi juu ya ukuta wa jiko. Gasketi ilikuwa imekatika na nati mbili zimelegea. Gasketi mpya na nati mbili ziliumaliza mlio. Bei yake ilikuwa ndogo kuliko ya plagi moja kati ya zile walizonunua.

Hatusemi hivi ili kuwachekesha wala kuwatukana mafundi. Fundi naye ni mfanya kazi, na mara nyingi analetewa motokaa pamoja na maneno mawili tu: "Inalia, tengeneza." Daktari akiletewa mgonjwa asiyesema anaumwa wapi atafanya nini? Mpelekeeni fundi daftari lenu, mwambieni lini na wapi, na yeye atafanya kazi yake vizuri zaidi. Tena mwombeni awarudishie kila chombo alichokitoa, mkione kwa macho.

HEWA YA KITALE YASINGIZIWA

Watu wa Bungoma hupenda kusema, "Motokaa yangu ni nzima, ni hewa ya Kitale tu." Tulipime neno hilo.

Ni kweli kwamba kadiri mtu anavyopanda juu, hewa hupungua uzito. Motokaa ya kabureta iliyopimwa Mombasa, kando ya bahari, ikiletwa Kitale hupata hewa pungufu kama sehemu 17 katika kila 100. Petroli haipungui kwa kadiri hiyo, kwa hiyo chakula kinakuwa kizito: plagi zinapata masizi meusi, moshi unakuwa mweusi, na petroli mbichi inapita mpaka kwenye bomba. Motokaa hiyo yafaa ipimwe upya, na pengine ibadilishiwe jeti za kabureta.

Lakini kati ya Bungoma na Kitale tofauti ni kama sehemu 5 tu katika 100. Injini nzima huweza kuvumilia hayo. Basi motokaa ikiwa nzuri Bungoma na kulia vibaya Kitale, hewa ya Kitale haikuleta ugonjwa. Imeufichua ugonjwa uliokuwapo. Kabla ya kuisingizia hewa, tazameni chujio la hewa. Vumbi la njia zetu wakati wa kiangazi hulijaza upesi, na chujio lililoziba hufanya kazi ileile ya mlima mrefu. Tazameni pia waya wa choki kama umekwama. Mtu huivuta choki asubuhi kwa baridi ya Kitale, akaisukuma, lakini kumbe huko mbele haikurudi.

PETROLI NA VALVU

Iko habari nyingine ambayo wenye motokaa kuukuu yawapasa kuijua. Petroli ya zamani ilitiwa madini ya risasi. Mwisho wa mwaka 2005 Kenya, pamoja na nchi nyingine za Afrika zilizo kusini mwa Sahara, iliacha petroli hiyo, na mwaka 2021 Algeria ikawa ya mwisho duniani kuiacha. Lilikuwa jambo jema sana, kwa sababu risasi ni sumu, hasa kwa watoto.

Lakini madini yale yalikuwa yakikinga viti vya valvu. Katika injini nyingine za zamani, ambazo viti vyake havikutiwa pete za chuma kigumu, valvu ya moshi huchimba kiti chake pole pole ikizama. Ikizama, nafasi ya tapeti hupungua. Nafasi ikiisha, valvu haifungi kabisa. Moto hupenya pembeni yake na kuila ukingo, na mlio wa pu huanza.

Angalieni hila iliyopo hapa. Tapeti zenye nafasi hulia tik-tik-tik, na mwenyewe hulalamika. Zikibana, hunyamaza, na mwenyewe hufurahi akisema injini imetulia. Kumbe kimya hicho ndicho hatari. Tapeti zinazolia kidogo ni nafuu kuliko tapeti zilizonyamaza kwa kukosa nafasi.

Tena jihadharini na petroli ya bei nafuu ya kwenye mitungi. Mafuta ya taa yakichanganywa nayo hayawaki kama petroli. Injini hukosa nguvu, hugonga, na mabaki yasiyoungua hutoka nyuma. Uchanganyaji wa mafuta ya taa katika mafuta ya magari ulizidi hata mwaka 2018 serikali ya Kenya ikaweka ushuru wa shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa ili kuuzuia. Motokaa ikianza kulia siku ileile iliyojazwa petroli mahali pageni, msifungue injini. Toeni petroli hiyo kwanza.

KAZI KWA UTARATIBU

Fuateni mpango huu, wa bei ndogo kwanza na wa bei kubwa mwisho. Badilisheni kitu kimoja tu kwa wakati mmoja, kisha mwende mjaribu barabarani. Mtu akibadilisha vitu vitatu pamoja na mlio ukaisha, hajui ni kipi kilichoponya.

Kwanza, bomba la moshi. Asubuhi injini ikiwa baridi, mmoja aiwashe, na mwingine aweke kitambaa kinene kilicholoweshwa maji juu ya mdomo wa bomba kwa muda mfupi tu. Penye ufa patasikika sss! Masizi meusi kwenye maungio ni ushahidi mwingine. Msiingie chini ya motokaa iliyosimama juu ya jeki peke yake. Wekeni magogo imara na kuzuia magurudumu. Wala msiende kuchukua mataruma ya njia ya reli, maana hapo chama hakitaweza kuwatetea.

Pili, chujio la hewa na choki.

Tatu, plagi. Zitoeni na kuzipanga kwa utaratibu wa silinda zake. Plagi ya rangi ya kahawia nyepesi ni nzima. Yenye masizi makavu meusi yasema petroli ni nyingi. Nyeupe mno yasema petroli ni chache au joto limezidi. Yenye mafuta mabichi yasema injini inakula oili.

Nne, tafuteni silinda mvivu. Zimeni injini, ondoeni waya wa plagi moja na kuugusisha kwenye chuma cha injini, kisha washeni. Injini ikilegea, silinda hiyo ilikuwa ikifanya kazi. Isipobadilika, mmempata mvivu. Msishike waya huo kwa mkono injini ikizunguka, na petroli isiwe imevuja karibu. Mkisha mpata, badilishaneni plagi yake na ya jirani. Uvivu ukihama pamoja na plagi, plagi ndiyo yenye kosa. Ukibaki palepale, fanyeni hivyo kwa waya.

Tano, pointi na kondensa. Nafasi ya pointi katika motokaa nyingi za namna hii ni kama milimita 0.4, lakini fuateni kitabu cha motokaa yenu.

Sita, wakati wa cheche. Cheche ikichelewa, moto unakuwa bado unawaka valvu ya moshi inapofunguka. Dalili zake ni injini isiyo na nguvu, kupata joto upesi, na bomba karibu na injini kuiva likawa jekundu. Hakikisheni pia kwamba waya za plagi hazikupishana. Injini nyingi za silinda nne huwaka kwa zamu ya 1, 3, 4, 2, lakini ziko nyingine za 1, 2, 4, 3.

Saba, kabureta. Ndiyo, ya saba! Wengi huifanya ya kwanza.

Nane, valvu. Pimeni nafasi za tapeti, kisha mgandamizo kwa geji. Kama motokaa yenu ina mkono wa kuzungushia injini, zimeni ufunguo, hakikisheni gia haikushika, mzungushe pole pole kwa mkono: mtasikia silinda nne zikikataa kwa zamu. Ile isiyokataa huenda ina valvu mbovu. Hapo sasa ni kazi ya fundi, na fedha mtakayotoa mtaitoa mkijua sababu.

MOSHI UNAUA

Ndugu, mpaka sasa tumesema juu ya fedha. Sasa tuseme juu ya roho za watu.

Ufa ulio katika bomba la moshi haulii tu. Unatoa hewa ya sumu inayoitwa kaboni monoksaidi. Haina rangi wala harufu. Hushika damu na kuizuia isibebe hewa safi mwilini. Mtu huanza kuumwa kichwa, kusikia kizunguzungu na kichefuchefu, kisha usingizi humjia, na katika usingizi huo huweza kufa. Motokaa kuukuu ina matundu sakafuni. Fikirini mgonjwa amelazwa nyuma, usiku wa baridi, vioo vyote vimefungwa, na chini yake bomba limepasuka. Jamaa wanasema, "Amelala, ashukuriwe Mungu." Labda hakulala.

Kwa hiyo motokaa ikilia na abiria wakaumwa kichwa, simameni, fungueni milango, watu watoke nje wapate hewa. Aliyezimia apelekwe hospitali kwa gari lingine. Msiwashe injini ndani ya banda lililofungwa, hata asubuhi ya baridi, na mtu asilale ndani ya motokaa huku injini inazunguka. Tena msisimame juu ya nyasi kavu au mabua ya mahindi, kwa sababu bomba linalolipuka hutema cheche.

Liko na jambo la ufunguo. Wako madereva wanaozima ufunguo kwenye mteremko ili waokoe petroli, wakifika chini wanaufungua tena gia zikiwa zimeshika. Injini inayozungushwa na magurudumu bila cheche huendelea kuvuta petroli na kuijaza sailensa. Ufunguo ukifunguliwa, yote huwaka kwa mara moja, na sailensa hupasuka kama gunia lililooza. Katika motokaa nyingine breki huwa nzito au usukani hujifunga. Petroli iliyookolewa haitoshi kununua sailensa, seuze kununua mtu.

MASWALI YALIYOULIZWA

Swali (Kitale): Tumeambiwa tutoboe sailensa ili moshi upite vizuri. Je, ni kweli?
Jibu: La. Mnaongeza ufa mahali pa kuupunguza. Mlio utazidi na moshi utaingia ndani.

Swali (Bungoma): Mawaidha haya yafaa hata kwa motokaa za siku hizi zenye kompyuta?
Jibu: Kusikiliza kunafaa kwa zote. Lakini msing'oe waya za plagi za motokaa hizo kama tulivyoeleza. Mnaweza kuharibu vyombo vya umeme. Nazo nyingi zina chombo cha kusafisha moshi ndani ya bomba, na petroli mbichi ikifika humo hukiunguza. Zikianza kukosa, zipelekeni upesi zikapimwe kwa mashine.

Swali (Kitale): Motokaa ikiwa kuukuu hivyo, si heri kuiuza?
Jibu: Ukuukuu peke yake si ugonjwa. Peugeot 404 ilishinda mashindano ya Safari ya Afrika Mashariki mwaka 1963, na tena 1966, 1967 na 1968, katika matope na mawe, ikiwa na kabureta au pampu, pointi na plagi kama vyombo tunavyovisema. Ilishinda kwa kutunzwa. Pimeni mgandamizo wa silinda zote. Ukiwa mzuri, tengenezeni. Ukiwa mbovu katika zote, hapo kaeni mshauriane kama wenye mali.

Swali (Bungoma): Watu watatu wakiwa na motokaa moja, nani aamue kununua chombo?
Jibu: Wote watatu, na daftari likiwa mezani. Kila chombo kiandikwe: siku gani, kwa sababu gani, na kama mlio ulipungua. Ugomvi mwingi wa ushirika huzaliwa na fedha iliyotoka bila kuandikwa.

Ndugu wanachama, tumemaliza. Dalili ya mvua ni mawingu, na dalili ya hasara ni mlio uliopuuzwa. Chama kinapigania shilingi iongezwe katika mshahara. Shilingi hiyo ikipatikana, isije ikatokea nyuma kwa bomba la moshi.

Mwenye fila ya kupimia pointi na tapeti, au geji ya mgandamizo, na akubali kuwaazima wenzake, amwambie katibu wa tawi. Wanachama wa Kitale na wa Bungoma wanaweza kuchanga kununua seti moja ya kila kimoja, ikazunguka kati yao. Tutaomba kamati ilitazame jambo hilo katika mkutano ujao.

Umoja ni nguvu.